Kioo cha Mama Mkwe

Mtaani walimwita Tone, kwa sababu kila mteja aliyeleta gari lenye kioo kilichopigwa na jiwe aliambiwa, "Tone la gundi tu, utasahau kilipasukia wapi." Na kweli walisahau. Mama mkwe wake alipoleta gari lake, lenye ufa mdogo wa umbo la nyota kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva, Tone alijiona ameula.

Mama huyu ndiye pekee aliyemtetea siku ukoo mzima uliposema binti yao haolewi na fundi wa barabarani. Leo angemwonyesha kwamba hakukosea. Basi, kwa heshima iliyopita kiasi, akafanya asilomfanyia mteja yeyote. Kioo chenye ufa hufutwa kwa kitambaa kikavu. Yeye akakiosha chote kwa maji na sabuni mpaka kikang'aa.

Akafunga kifaa cha kusukumia gundi, akakaza skrubu. Gundi ikajaa katikati, ikagoma kuingia kwenye miguu ya nyota. Akalegeza ili hewa itoke, akakaza tena. Wapi! Akakipasha kioo joto kwa ndani. Badala ya gundi kutambaa, ukatokea ukungu mweupe, na Tone akaelewa. Ni maji yaliyoingia kwenye ufa, na aliyeyaingiza mle ni yeye mwenyewe.

Dawa yake aliijua: kufungua, kunyonya gundi yote, kukausha taratibu, kuanza upya. Lakini mama alikuwa kitini pale pale, mkoba mapajani, akimtazama kwa fahari. Aanze upya mbele ya mkwe? Aibu ikamzidi, akakaza skrubu zaidi. Kioo kikalia ta, ufa ukakimbia mpaka upande wa pili.

"Kioo chenyewe kibovu, mama," alisema, macho chini. "Walikuuzia uchafu."

"Pole, mwanangu, nimekuharibia siku." Mama akasimama. "Huyo wa duka la vioo aliyeniuzia atanieleza leo. Hawezi kukuchafulia jina."

Tone alimwacha aende mpaka barabarani. Kisha roho ikamsuta, akamkimbilia na mikono yake inayonata.

"Mama, wa dukani hana kosa. Ni maji. Nilikiosha mimi."

"Nilikuona unaosha," alisema mama. "Nikampigia simu mkeo, nikamwambia njoo uone mumeo anavyoniheshimu. Yuko njiani anakuja."