Jina Nililokataa Kulitaja

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, niko Kwale mjini juu kilimani, nina mimba ya miezi saba, na cheti changu cha ndoa nimekifunga ndani ya pindo la leso. Ukungu wa kule msimu wa mvua huingia mpaka barazani. Unamwona mtu kuanzia kiunoni, miguu huioni. Nilikuwa kama ninayeota. Nilikuwa mzuri pia, lakini hilo halikunisaidia.

Mimi kwetu ni Moa, ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania. Niliolewa Msambweni. Kidigo ni kile kile, wali wa nazi ni ule ule, hata nyimbo za harusi nilizikuta ninazijua. Sikujiona mgeni hata kidogo. Lakini serikali haiulizi unapika nini. Ilinitaka niwe na kibali cha kuishi na mume wangu, ndiyo maana nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya uhamiaji tangu ilipofunguliwa, nasikiliza mihuri ikigongwa ndani, na nusu ya akili yangu iko Moa kwa mama. Mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli Diani na hakupewa ruhusa siku ile, basi nilikwenda peke yangu.

Ofisa alikuwa kijana wa bara, wala hakuwa mtu mbaya. Alikisoma cheti, kisha akakifunika kwa kiganja.

"Bwana yako anaitwa nani?"

Nikatabasamu, nikatazama sakafu. Mwanangu, nililelewa kwamba mke hamtaji mumewe kwa jina, na baba mkwe ndiyo kabisa, hata nyumba ikiungua. Mume huitwa mwenyewe. Mkwe huitwa mzee.

"Ni mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe nani? Na baba yake?"

"Mzee."

"Madam, unacheza na mimi? Watu wanakuja hapa na vyeti vya kuazima kila siku. Wewe sema tu jina."

Majina yote mawili nilikuwa nayo mdomoni. Nikanyamaza. Tena nilinyamaza kwa maringo, nikijiona binti aliyefunzwa akafunzika, nikimhurumia yeye aliyekosa wa kumfunza. Akaniandikia barua: nisipothibitisha ndoa yangu katika muda wa wiki mbili, nirudi kwetu. Hapo ndipo usingizi uliponitoka. Mtoto angezaliwa ng'ambo, baba yake hayuko, nami nisijue nitarudi lini.

Nyumbani nilimkuta baba mkwe uani anafua nazi. Nikampa shikamoo, nikamweleza nilivyokataa kutaja majina, nikampa na barua. Akaisoma mara mbili.

"Heshima hiyo umemfanyia nani?" akaniuliza. "Mimi sikuwapo. Mumeo hakuwapo. Umemficha mume wako mbele ya mtu aliyetaka kukuacha uishi naye."

Nikalia. Hakunibembeleza.

"Nitaje," akasema.

"Siwezi, baba."

"Nitaje. Ruhusa nimekupa mimi mwenye jina."

Nilinong'ona, uso nimeufunika kwa leso. Akasema hakusikia, eti masikio ya kizee. Nikarudia, hakusikia. Mara ya tatu nilipiga ukelele mpaka kuku wakakimbia, naye akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka na machozi yangu. Siku ile ndiyo niliyojua kwamba pale ni kwetu.

Nikarudi Kwale kabla wiki mbili hazijaisha. Kijana yule yule. Kabla hajakifunika cheti nikasimama wima.

"Mume wangu ni Rashidi Omari. Baba yake ni Omari Mwakoyo. Tunaishi Msambweni, na huyu aliye tumboni ni mtoto wao."

Benchi zima likageuka kunitazama. Akaandika, akagonga muhuri, akanisukumia karatasi. "Hongera, mama," akasema. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia tena, safari hii kwa raha. Mtoto huyo, mkubwa wenu, akazaliwa Msambweni, na baba yake akampokea mwenyewe mikononi.

Basi wewe unayekwenda kuishi nchi ya watu, nisikilize. Mbele ya meza ile hapana anayejua adabu za kwenu, na si kosa lake. Unachoulizwa kijibu chote, kwa ukweli, kwa jina kamili, umtazame mtu usoni. Neno usilolielewa, uliza, usiitikie tu kwa kichwa. Karatasi zako zitolee nakala, moja umwachie mtu unayemwamini. Haya yako iache mlangoni, utaichukua ukitoka. Mimi humu ndani mpaka leo mume wangu simwiti kwa jina. Na ukijiona una heshima sana, jiulize ni nani hasa anayeheshimika.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akukutanishe na maofisa waliolala vizuri na kunywa chai, azihifadhi karatasi zako na mvua, akurudishe utukute tungali hai. Na huko watakapokuuliza wewe ni wa nani, akupe sauti ya kututaja.