Daraja Nililoliulizia Bungeni

Nakumbuka siku ile sokoni Giakanja, mwanangu, kwa baridi yake na kwa jinsi watu walivyonicheka. Nilikuwa mbunge kijana, mwaka wangu wa kwanza, nikikaa viti vya nyuma kabisa ambako hata Spika anakuona kwa shida. Mwaka mzima niliuliza jambo moja: Serikali itatujengea lini daraja, maana mvua ikinyesha akina mama wajawazito hawawezi kuvuka mto kwenda zahanati? Kila mara Waziri Msaidizi alijibu kwamba Serikali inalifahamu jambo hilo. Wenzangu walinipongeza, redio ikanitaja, nami nikarudi nyumbani kifua mbele.

Nikaitisha mkutano pale sokoni, nikatangaza, "Serikali inafahamu!" Hakuna aliyepiga makofi. Akasimama Cucu Wangari, yaani Bibi Wangari, mkulima wa kahawa. Wiki hiyo mke wa mwanawe alikuwa amejifungulia ukingoni mwa mto, kwenye matope.

"Mheshimiwa," akasema, "sisi tulituma wewe kwa sababu unajua hii mambo yetu. Sasa kila siku kwa redio ni kuuliza tu. Kwani hata wewe hujui daraja inatakiwa wapi?"

Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Nikaeleza kwamba Bunge ndivyo lilivyo, mbunge huuliza na waziri hujibu.

"Na akijibu, ati daraja inajengwa?"

"Inategemea, cucu."

"Inategemea nini?"

Nilichanganyikiwa kabisa. Mwaka mzima Bungeni, na sikujua inategemea nini!

"Mtoto ako hai, tunashukuru Mungu," akasema. "Lakini usituletee hiyo kufahamu yao. Rudi uwaambie sisi hatujajibiwa."

Nilirudi Bungeni nikasema hivyo hivyo, nikaamriwa niketi. Daraja lilikuja kujengwa nikiwa nimeshapoteza kiti. Je, lilitokana na maswali yangu, au uchaguzi ulikuwa umekaribia? Nalivuka kila Jumapili nikienda kanisani, na hadi leo sijui.

Ninalojua ni hili, mwanangu. Ukitumwa na watu, usiwapelekee jibu tupu ukiliita habari njema, hata kama wakubwa wamekusifu kwa kuuliza. Waambie waliokutuma kwamba bado hamjajibiwa, kisha urudi ukaulize tena, hata ukiamriwa uketi. Mungu akupe masikio ya kuwasikia waliokutuma, na siku watu wako watakapohitaji kuvuka, wakute daraja limesimama.