Mume Wangu Aliigiza Promota wa Ndondi, Sasa Mama wa Bondia Amekuja Kudai Ahadi

Admin, nifichie jina, na mtaa pia usiutaje, maana Ukunda hapa tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Kibuyuni, nafua mashuka kwenye hoteli moja ya Diani. Mume wangu naye ni wa huko huko hotelini, kazi yake kuwachekesha wageni jioni: aigize mzee, aigize mgeni aliyebabuka na jua, watu wavunjike mbavu. Mdomo wangu mkali, sikatai, lakini nyumba yetu ilikuwa ya kicheko. Leo naogopa hata kumsemesha.

Mwaka jana walikuja watu wa televisheni kutengeneza filamu ya maisha ya promota mmoja wa ndondi wa huku kwetu, ambaye sasa ni marehemu. Watoto wake ndio waliosimulia, basi mnajua alivyotoka: mtu mwema, mcha Mungu, baba wa mabondia. Mume wangu akapewa kuwa yeye. Marehemu alikuwa na sauti ya kukwaruza, na mume wangu akaifanyia mazoezi kutwa kucha mpaka nikamwambia, "Wee, ukiniomba chai tena kwa sauti hiyo nitakumwagia!" Tukacheka.

Kuna mahali kwenye filamu promota anakwenda kwa mama wa bondia wake, anamshika mkono na kusema, "Mama, mwanao nitamrudisha kwako kwa mkono wangu mwenyewe." Kisha inaingia harusi ya promota, na bondia yule haonekani tena. Mie nilitazama huku natafuna njugu zangu, wala sikujiuliza kitu.

Ijumaa moja baada ya swala tuktuk ikasimama mlangoni, akashuka bibi mmoja mtu mzima kutoka Msambweni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, nikampa kiti na chai. Akamtazama mume wangu weee, kisha akasema kwa upole, "Uliniahidi. Mwanangu yuko wapi?"

Jamani, nilidhani ni kichaa. Si kichaa. Alijua fika kuwa huyu ni mwigizaji. Akatueleza kuwa yeye ndiye mama yule. Mwanawe alipigwa ulingoni Mombasa akaanguka, hakuamka. Promota akatuma maiti kwa gari la kukodi, yeye mwenyewe hakutia mguu mazikoni wala baadaye. Naye promota alipokufa, ikatangazwa mbele ya jeneza kwamba mwenye haki yake kwa marehemu aende kwa wafiwa. Bibi akaenda. Watoto wakamuuliza ni shilingi ngapi. Aliposema si pesa, wakamwambia basi hana dai.

"Aliyeniahidi kafa," akasema. "Nimekusikia wewe kwenye televisheni, sauti ni yake. Niombe radhi."

Mume wangu akababaika, bibi akaenda zake. Ijumaa iliyofuata akaja tena, na nyingine, na nyingine. Hagombi, hapazi sauti. Anakunywa chai, anauliza lile lile, anaondoka. Mume wangu akaanza kukonda. Nikamwambia, "Huyo si baba yako wala mjomba wako. Dhambi za watu wajitwika za nini?" Akanijibu, "Mke wangu, maneno yale yametoka kinywani mwangu."

Basi Ijumaa iliyofuata bibi alipouliza, mume wangu akapiga magoti, na ile sauti ikatoka: "Mama, nisamehe. Sikumrudisha mwanao, na nilikuogopa." Wallahi nywele zilinisimama. Hayo hayamo kwenye filamu, hakuna aliyemwandikia.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Nilitaraji alie. Akalitengeneza buibui lake, akasema, "Sitakusamehe kamwe. Nilitaka nikwambie hivyo usoni, na leo nimekwambia." Akanishukuru kwa chai, akaondoka. Hajarudi tena.

Lakini sauti ile haijaondoka. Mume wangu anaitumia bafuni, anaitumia akivaa viatu, hotelini wageni hawacheki na meneja ameshaanza kununa. Kila Ijumaa anakaa kuukabili mlango. Nikamwambia, "Bibi hakukukataa wewe, kamkataa marehemu!" Akanitazama kama mgeni, akasema, "Mimi ndiye niliyemwahidi."

Nikashindwa kuvumilia, nikaenda Msambweni mwenyewe. Nikamlilia bibi aseme neno moja tu la msamaha, mume wangu apone. Nilimkuta anakuna nazi, uso umemtulia. Akaniambia, "Mwanangu, mumeo sina neno naye. Mlete, nimpe mkono na dua. Lakini akija yule mwingine, jibu langu ni lile lile, na safari hii nitamwambia mbele ya watu."

Nilipomweleza mume wangu, akainuka papo hapo akavaa kanzu, akasema kwa ile sauti, "Haya, twende."

Nikafunga mlango, ufunguo ninao mimi. Nyinyi msomao haya, nipeni akili, mie yangu imefika mwisho. Nimpeleke Msambweni au nimzuie? Na nikimpeleka, akifungua kinywa mbele ya bibi yule, atasema nani?