Mama wa Ndengu na Nyoka wa Kaka Yangu

Sitaapa, kwa sababu kanisani kwetu hatuapi. Lakini jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, sokoni Nkubu, mchana, watu wamejaa, na sikuwa nimekunywa kitu isipokuwa chai. Mume wangu husema niliota. Mtu huota akiwa amesimama na kikapu cha viazi mkononi?

Nianze na kaka yangu Mutwiri. Yeye hufanya kazi Embu, mahali watu wanapoenda kuangalia nyoka, na ana kibali cha kuwafuga. Miaka minne hatukuzungumza. Kosa lilikuwa langu. Kwenye harusi ya binamu yetu nilisema mbele ya meza nzima kwamba ameleta shetani katika ukoo wetu. Aliweka sahani chini, akaondoka.

Basi mwaka jana, baridi ikianza, akanipigia simu.

"Dada, natumwa kaskazini miezi miwili, kufundisha wafugaji mambo ya nyoka. Huko hakuna mtandao. Nina mmoja wangu wa nyumbani, hana sumu. Naweza kukuachia?"

Ungejibu nini? Nilijua hakuwa anatafuta mlinzi wa nyoka tu. Alikuwa anabisha hodi. Nikamwambia mlete.

Alikuja na sanduku la kioo lenye mchanga mkavu, kina chake kama shubiri, bakuli dogo la maji, na mkeka mdogo wa umeme chini ya upande mmoja. Nyoka mwenyewe alikuwa mfupi, mnene kama muhogo, rangi ya chungwa yenye madoa meusi, na mkia wake butu hata ungeshindwa kujua kichwa ni upande gani. Alimwita Kagendo, yaani yule wa safari. Akaniambia nimpe panya mmoja kila baada ya siku kumi. "Zaidi ya hapo, mwache tu." Mume wangu alisimama mlangoni akasema yeye na mgeni watasalimiana kwa mbali.

Kagendo alitazama jiko langu mara moja, akaingiza pua mchangani, akazama mzima. Usingejua kuna kiumbe mle ndani.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kesho yake nikawaza, je, kama ametoroka? Nikachukua mwiko, nikafukua. Alikuwepo. Siku ya pili nikafukua tena. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, hata kabla ya kubandika chai. Vumbi la ule mchanga likanikera, nikanyunyizia maji kama tunavyonyunyizia sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Mkeka wa umeme nikauchomoa, nikiogopa nyumba itaungua. Nilidhani namtunza, niamini.

Wiki ya pili alikataa kula. Panya alikaa juu ya mchanga mpaka nikamtupa. Ngozi ya nyoka ikafifia, na asubuhi moja nilipomfukua, macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Nikasema amepofuka, na sasa anakufa. Nikajaribu simu ya Mutwiri, haipatikani. Nilikaa kwenye kigoda nikiwaza atarudi amkute amekufa mikononi mwa dada yule yule aliyemtukana harusini. Nani angeamini kwamba sikumuua?

Ilikuwa siku ya soko. Nikaenda kununua viazi vya Kibirichia, mawazo yakiwa nyumbani. Nyuma ya vibanda vya mitumba nikamwona mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, ameketi chini nyuma ya gunia moja la ndengu. Alikuwa mfupi, mnene, amejifunga leso ya rangi ya chungwa yenye madoa meusi. Sikuitilia maanani hiyo leso. Wewe ungeitilia? Nilichokiona ni mikono yake. Yote miwili ilikuwa ndani ya gunia, imezama mpaka viwiko. Kulikuwa na manyunyu na watu wote wamejikunyata, lakini yeye alikuwa ametulia kama mtu aliyeketi kando ya moto.

"Muga," nikamsalimia, nikanyoosha mkono.

Hakutoa wake. "Nisamehe, mama," akasema kwa lafudhi ya Kimbeere. "Humu ndani kuna joto. Nikitoa nitaanza upya."

Nikamwomba anipimie kilo mbili.

"Ndengu zitangoja. Wewe unalala wapi?"

"Kwangu nyumbani."

"Kitandani? Na blanketi?"

"Ndiyo."

"Na kila asubuhi kuna mtu anakuja na mwiko kukutoa?"

Habari ya mwiko sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nikamtazama usoni vizuri. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayezuia kicheko. Lakini macho yake yalikuwa na utando mweupe, na muda wote niliosimama pale hakupepesa hata mara moja.

"Anakufa," nikajikuta nasema. "Amepofuka."

"Hafi. Anabadilisha nguo. Wewe ukibadilisha nguo unataka kutazamwa?" Akasogeza mabega, ndengu zikatoa mlio mdogo. "Mchanga ndio blanketi lake na ndio mlango wake. Humo ndimo anamosubiri chakula. Akizama yuko sawa. Siku utakayomwona anazunguka juu bila kupumzika, akitafuta pa kutokea, hapo ndipo ujiulize umekosea wapi."

"Nimekosea wapi?"

"Umemlaza kwenye matope, na umemzimia moto. Mtafutie mchanga mkavu. Washa ule mkeka, upande mmoja tu, achague mwenyewe. Kisha mikono yako uipeleke mahali pengine." Akaelekeza gunia kwa kidevu. "Ingiza mkono hapa, ujue joto ninalosema."

Nikaingiza. Kwa nini? Sijui, labda kwa adabu. Ndengu zilikuwa na joto kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Nikashusha mkono mpaka kiwiko, mahali ambapo ningepaswa kugusa vidole vyake. Hakukuwa na vidole. Kitu kirefu, laini, kizito, kilipita polepole juu ya kifundo cha mkono wangu, kikaendelea kupita, kikaendelea kupita.

Niliuchomoa mkono kwa nguvu hata ndengu zikamwagika. Nikainama kuziokota, maana nimelelewa vizuri. Nilipoinuka, mwanamke hayupo. Gunia lilikuwa peke yake, na ndengu za juu zilikuwa zinacheza, zikititia katikati, kama blanketi mtu anapogeuka usingizini. Kisha zikatulia.

"Huyu mama wa ndengu ameenda wapi?" nikamuuliza muuza nyanya wa jirani.

"Mama gani? Hilo gunia ni la mzee wa Siakago, kule Mbeere, amelitua alfajiri akaenda kutafuta chai. Wewe nimekuona ukiongea nalo, nikasema heri ninyamaze, kila mtu na mzigo wake."

Nilifika nyumbani bila kikapu. Nikakausha mchanga wote kwenye sufuria, nikaupoza, nikaurudisha, nikawasha mkeka. Mwiko nikampa jirani. Halafu nikakaa siku tano bila kugusa kitu, na hizo siku tano zilikuwa ngumu kuliko mfungo wowote niliowahi kufunga.

Siku ya sita, saa kumi jioni, niliona macho mawili juu ya mchanga. Macho tu, meusi, safi, yakinitazama. Kando yake palikuwa na ngozi nzima, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikampa panya, akamla. Niliimba kwa sauti hata mume wangu akaingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu mgeni afike.

Mutwiri aliporudi aliinua ile ngozi kwenye mwanga wa dirisha. "Imetoka nzima. Hata kwangu mara nyingine hutoka vipande vipande. Ulijuaje, Dada?"

Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akalazimika kuketi. Nikamwambia pia kwamba lile neno la harusini nilikosea, na limenikaa kooni miaka minne. Akasukuma kikombe kwangu. "Kunywa chai, inapoa." Siku hizi huja karibu kila mwisho wa mwezi.

Na mimi nimebaki na alama. Mkono huu wa kulia, hata asubuhi ya Julai yenye ukungu, huwa na joto kuliko wa kushoto. Wanawake wa kikundi chetu wanajua. Msimu wa baridi hugombania kuketi kulia kwangu kanisani.

Kwa hiyo wewe unayefuga nyoka wa namna hii, au unayefikiria kumfuga, usimfukue. Hajapotea, hajakuchukia, na atatoka akiwa tayari. Na ukikutana na mtu usiyemjua akakueleza ulichofanya jikoni kwako mlango ukiwa umefungwa, usibishane naye. Sema asante, uende ukarekebishe. Mimi nilionywa mara moja, kwa upole. Mara ya pili sijui mtu huonywa vipi, na sina haja ya kujua.