Neno Lenye Kifo Ndani Yake

Hata leo, nikisikia harufu ya koti la sufu lililonyeshewa mvua, hugeuka kumtafuta Baba. Baba alikuwa na koti kama hilo, la kijivu. Mama alilifungia sandukuni pamoja na dawa ya nondo, nalo lilitoka kwa mambo matatu tu: harusi, matanga na benki.

Tulikaa juu kidogo ya Kapsoit, kwenye shamba la chai ambalo babu alimwachia Baba. Mwaka mmoja Baba aliweka hati ya shamba benki, akakopa pesa, akanunua mashine ya kusaga mahindi. Watu walikuja na magunia kutoka kila upande, na kwa muda tukajiona matajiri. Kisha injini ikapasuka. Tangu hapo neno moja la Kiingereza likawa linatajwa nyumbani kwa sauti ya chini, katikati ya Kikipsigis cha wazazi wangu, kama changarawe ndani ya maharagwe: mortgage.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Odhiambo, alikuwa mtu wa upande wa ziwani aliyependa maneno kama wengine wanavyopenda mpira. Nilipomuuliza maana ya neno hilo, aliweka chaki chini kwa furaha. Akatuambia kwamba Waingereza walilitoa kwa Wafaransa wa zamani, na kwamba nusu yake ya kwanza ni kifo, nusu ya pili ni rehani.

“Rehani ya kifo,” akasema. “Na Waswahili je? Kukopa harusi, kulipa matanga. Sasa, wanasheria wa kale walieleza hivi...”

Kengele ya chakula ikalia. Darasa zima likakimbilia githeri, na maelezo yaliyobaki yakabaki na Mwalimu.

Mimi sikula. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Shamba halifi, mtu ndiye hufa. Kwa hiyo aliyewekwa rehani ni Baba.

Kuanzia siku hiyo nilimwangalia kama mtu anavyoangalia taa inayoishiwa mafuta. Baba alikohoa kwa sababu ya baridi ya asubuhi, nami nikashika pumzi hadi kikohozi kiishe. Alipochelewa kurudi kutoka kituo cha majani ya chai, nilisimama barabarani na mikono mitupu, nikijifanya natafuta ndama. Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikilitamka neno lile, kifo kitasikia kinaitwa.

Kisha, shule zikiwa zimefungwa, Baba akamwambia Mama jikoni, “Kesho naenda Kericho kumaliza hiyo maneno ya benki.”

Kumaliza. Kwangu maana yake ilikuwa moja tu.

Asubuhi alipotoka na koti lake, nilimngoja langoni. “Baba, tunaenda na wewe.”

“Kufanya nini?”

“Kwenda tu.”

Mama alishangaa, kwa sababu Baba hakuwa mtu wa kubembelezwa. Lakini Baba aliniangalia, akasema, “Vaa viatu.”

Benki ilikuwa na sakafu inayong'aa hadi niliogopa kuikanyaga. Tuliitwa mbele ya mama mmoja mwenye miwani, aliyezungumza kwa upole, na kwa upole huo huo akalitaja lile neno. Nilisimama.

“Madam, tafadhali usimuue Baba.”

Kalamu yake ikasimama. “Nani anauawa?”

Nikamweleza huku nalia: Mwalimu, Wafaransa, kifo, rehani. Baba akatazama viatu vyake. Yule mama hakucheka. Alizunguka meza, akachutama mbele yangu.

“Mwalimu wako alisema kweli, lakini hakumaliza. Mtu hafi. Baba akilipa, ile rehani ndiyo inakufa, na shamba linabaki lenu.” Kisha akainua macho kwa Baba, sauti ikashuka. “Asipolipa, shamba ndilo linakufa kwake. Linakuwa la wengine.”

Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu. Baba hafi! Furaha ilinijaa hadi nikapata kwikwi. Sikuona uso wa Baba. Nilisikia tu sauti yake, nyembamba, sauti ambayo sikuwa naijua.

“Madam, niongezee muda. Hiyo shamba niliachiwa na baba yangu.”

Akaongezewa. Tuliuza ng'ombe wa maziwa, tukanywa chai ya rangi, na Baba akachuma majani katika mashamba ya watu kabla ya kuchuma yake. Rehani ilikufa nikiwa sekondari. Mama alichinja kuku, na nyanya yangu, Kogo, akaomba kwa muda mrefu hadi mchuzi ukapoa.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye mkopo wangu mwenyewe, nilipoelewa kwamba katika nyumba ile si mimi peke yangu niliyekuwa naogopa. Nikamuuliza Baba kwa nini siku ile alikubali niende naye.

“Nilikuwa nimefika kwa huo mlango wa benki kabla ya siku hiyo,” akasema, “nikarudi. Mama yako nilimwambia benki imefungwa. Nikaona nikienda na mtoto, nitaona haya kurudi.”