Kibuyu Hakirudi Kitupu

Mama yangu hawezi kulala na chombo cha mtu. Bakuli la jirani likibaki kwetu usiku, asubuhi utatumwa ulirudishe, na ndani lazima kuwe na kitu: viazi, unga, hata chumvi. Ndiyo maana kibuyu kilichoning'inia jikoni kwetu Genkuru tangu nikiwa mtoto kilimnyima raha. Kilikuwa cha Mama Nyangi wa Natta. Zamani tuliishi huko, baba akiwa mpishi kwenye kambi ya watalii. Mama alipojifungua mdogo wangu aliugua, maziwa yakamkauka, na Mama Nyangi, jirani tu, akawa anatuletea maziwa ya ng'ombe wake kila asubuhi ndani ya kibuyu hicho. Baba alipokosa kazi tulihama kwa haraka, nacho kikaja nasi katikati ya vyombo vyetu.

Mwaka huu mama ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Siku moja akaniambia nikishushe. Akakijaza ulezi wa shambani kwake, akakiziba mdomo kwa gunzi.

"Robi, nisife na chombo cha watu," akasema. "Mwambie bado nashukuru."

Mimi nina kibanda cha chakula cha wachimbaji wa dhahabu, na mchimbaji mwenye njaa hasubiri. Nikapanga kwenda na kurudi kesho yake.

Asubuhi nilipanda bodaboda mpaka barabara kuu, kisha basi la Mugumu. Tulipovuka Mto Mara niligeukia dirishani bila kujua. Hapo ndipo baba alipokuwa akituambia tutafute viboko, na aliyemwona wa kwanza alipewa andazi. Baba hayupo tena. Nikakipakata kibuyu, nikakinusa; bado kilinuka moshi wa kusafishia vibuyu, ule wa asubuhi za Natta. Abiria wa pembeni akaniangalia kwa jicho la pembe, nadhani alifikiri nimebeba pombe.

Mugumu nilifika mchana, nikashuka, na mkanda wa ngozi wa kibuyu ukakatika. Nikampelekea fundi viatu, mzee mwenye kofia ya kitambaa aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kuswali.

"Shikamoo, mzee. Kibuyu hiki ni cha watu, nakirudisha."

"Marahaba. Kama ni cha watu, nitakishona vizuri kuliko ambavyo ningeshona chako," akajibu, na kweli alikishona mara mbili.

Natta niliingia jua likiwa linaelekea kuzama. Mama Nyangi alikuwa amekaa mlangoni, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda. Alikitazama kibuyu kabla hajanitazama mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho umekitoa wapi?"

"Kwa mama yangu, Genkuru. Mimi ni Robi, mtoto wa yule mpishi wa kambi."

"Robi wa mapengo," akasema, akanivuta nikae.

Nikamwaga asante zote nilizotumwa na zangu juu. Alinisikiliza vizuri tu, ila macho yake yalikuwa shambani, kwenye mtama uliokomaa mpaka masuke yameinama.

"Asante nimezisikia, mwanangu. Lakini jana tembo walikuwa kwa jirani. Nenda kaangalie walichobakiza."

Nikaenda kuangalia. Hawakubakiza kitu. Mama Nyangi alikuwa ameanguka akaumia nyonga, na mwanawe yuko kazini kwenye kambi ya watalii, likizo yake bado. Mtama ule ndio chakula chake cha mwaka mzima.

"Kesho usiku zamu yangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali.

Nilifikiria masufuria yangu Genkuru. Kisha nikampigia mama simu.

"Mama, kesho sirudi. Kuna mtama wa kuvuna."

"Basi vua viatu vya safari," akasema.

Kulipokucha nilichukua kisu nikaanza kukata masuke. Sijaenda mbali akaja mama mmoja na kisu chake. Ndiye yule jirani aliyeliwa shamba.

"Mimi sina cha kuvuna," akasema, "ila mikono ninayo."

Wakaja na wengine wawili. Mgongo uliniuma, vidole vikachanika, na Mama Nyangi mlangoni hakuniacha. "Mbona unavuna kama bibi harusi? Au Genkuru mtama huwa unaanguka wenyewe?" Akatukorogea uji, tukanywa tumesimama. Jua lilipozama suke la mwisho lilikuwa ghalani.

Alfajiri tulikuta nyayo. Mabua yote yalikuwa chini, mavi ya tembo bado yana moto. Mama Nyangi aliniegemea begani akaangalia shamba lake kwa muda mrefu.

"Wamekuta mabua," akasema, akacheka mpaka akafuta macho. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Wakati wa kuondoka alimimina ulezi wa mama kwenye chungu, akajaza kibuyu mtama mpya, akanikabidhi.

"Mama, hiki ni chako. Ndicho kilichonileta."

"Kikibaki hapa," akaniuliza, "utakuja tena kufanya nini?"

Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kujitetea. Nilitumwa kutua mzigo, narudi nao. Nilipofika Genkuru mama alikitikisa karibu na sikio, akasikia nafaka. Nikamweleza tembo, yule jirani, na uji. Akachota kiganja cha mtama, akaunusa.

"Huu umevuna wewe?"

"Mimi na wenzangu."

Akaachia ukuta, akanishika bega palepale alipokuwa ameegemea Mama Nyangi, tukaenda pamoja mpaka jikoni. Nikakitundika kibuyu mahali pake pa siku zote.

"Mwaka kesho," akasema mama, "mimi na wewe tutakijaza nini?"