Kicheko cha Akiba

Kama una televisheni nyumbani, mwanamke huyu umeshamsikia, hata kama hujawahi kumwona. Katika vile vipindi maalumu vya vichekesho, mchekeshaji akishamaliza utani wake, kuna kicheko kimoja kinachotangulia vingine vyote. Kinaanza chini chini kama cha mtu anayejizuia msibani, kinashindwa, kinapanda, kinakatika, kinavuta pumzi kwa mlio, halafu kinaanza upya. Basi kile ni chake. Watu wa studio walimwita Mama Cheka, na nusu yao jina lake halisi hawakuwahi kuliuliza.

Hakuanza kwa kucheka, alianza kwa ufagio. Alikuwa msafishaji wa ukumbi mkubwa wa kurekodia. Siku moja mchekeshaji alikuwa anajaribu maneno yake mbele ya viti vitupu, na mama huyu yuko nyuma anaokota chupa za maji. Akalisikia lile la mkwe aliyemeza meno ya bandia mezani kwa wakwe zake. Weee! Akaangua kicheko mpaka ufagio ukamponyoka. Mchekeshaji akanyamaza, na mama wa watu akajua leo kazi hana. Kumbe mwenzake alikuwa anatafuta tu sauti ile imetokea wapi.

"Huyo," akasema, kidole kimenyooka. "Huyo aketi mbele. Bila yeye mimi sipandi jukwaani."

Akaketishwa mbele, na kipaza sauti kikaning'inizwa juu ya kichwa chake. Studio ile ilipika vipindi maalumu vya kila namna. Kulikuwa na vichekesho. Kulikuwa na mahojiano marefu, ambapo mtu mashuhuri anakalishwa kwenye kochi laini aeleze alivyoteseka. Kulikuwa na makala za kuelimisha watu, ambazo hazikuhitaji mtazamaji ukumbini. Kwenye vichekesho Mama Cheka alicheka, kwenye mahojiano aliguna na kutikisa kichwa, na yote hayo yalikwenda kwa ishara. Msimamizi wa ukumbi, bwana mmoja mrefu waliyembandika jina la Mkono, alisimama kando ya kamera. Akiinua mkono wa kulia, chekeni. Akipiga viganja hewani, makofi. Akiweka kiganja kifuani, guneni kwa huzuni.

Na kabla ya vichekesho kuanza, jukwaa likiwa bado tupu, walirekodi kicheko cha akiba. Yaani watu wanacheka bure, hawajaambiwa neno: kicheko kidogo, cha wastani, cha kuvunja mbavu. Utani ukija kudoda, fundi sauti ana cha kubandika. Ukiona kwa mara ya kwanza utadhani wote wamepandwa na wazimu. Mama Cheka alizoea, akawa anaicheka hewa kama watu wengine wanavyopiga miayo, na miaka ikapita hivyo.

Nyumbani alikuwa na mumewe, fundi cherehani. Huyo ndiye aliyekisikia kicheko kile kabla ya studio yoyote. Msichana alileta gauni lipunguzwe kiuno. Fundi ana pini mdomoni, akataka kumkaribisha, pini zote zikamwagika miguuni, na msichana akacheka. "Lile gauni nililiharibu makusudi," fundi alipenda kuwaambia wateja, "ili alirudishe." Hawakujaliwa watoto. Walijaliwa utani huo mmoja, wakazeeka nao.

Ugonjwa wa kusahau ukaingia kidogo kidogo. Fundi akawa anautafuta mkasi ulio mkononi mwake. Akashona shati, mikono yote miwili ikatokea upande mmoja. Wateja wakacheka, kisha wakaacha kuja. Halafu asubuhi moja alipoletewa chai, akampokea mkewe kikombe kwa adabu kabisa, kama unavyompokea mgeni.

"Asante, dada. Mwenye nyumba bado hajarudi?"

Mama Cheka akadhani ni utani. "Mwenye nyumba gani tena?"

"Mke wangu."

Akaenda jikoni akajifungia. Wifi yake, dada mkubwa wa fundi, mjane aliyehamia pale kumsaidia kumwangalia kaka mtu, akamfuata akagonga mlango. "Toka huko, wifi. Mimi nimezaliwa naye tumbo moja, na jana kaniita mama. Leo kaniita konda, ananidai chenji. Tutalia mara ngapi?"

Sasa sikiliza vituko vya dunia. Jioni hiyo hiyo wifi akawasha televisheni, kukawa na kipindi maalumu cha vichekesho. Kicheko kile kikapasuka kama kawaida yake. Fundi akainuka, mabega yamenyooka, macho yamechangamka kama ya kijana.

"Huyo! Huyo mke wangu!" Akakiburuta kiti mpaka magoti yakagusa kioo. "Bibie, uko wapi? Hebu jitokeze nikuone."

Na bibie mwenyewe amesimama nyuma yake, sahani mkononi, anaitwa dada.

Akajiambia, kama ni hivyo dawa ninayo mwenyewe. Akaweka sahani chini, akazunguka akasimama mbele ya mumewe, akavuta pumzi kama vile Mkono ameinua mkono. Kikatoka kitu kikavu, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Akajaribu tena. Fundi akamtazama kwa huruma. "Umepaliwa, dada? Mpeni maji." Wifi akacheka mpaka akaanza kulia, na hakujua tena kipi ni kipi.

Ukweli ni kwamba kicheko kilikuwa kimehama nyumba ile kitambo. Mama Cheka alicheka kutwa kazini, akirudi taya zinamuuma. Fundi angali na akili zake alikuwa akilalamika, "Leo hujanichekea hata kidogo," naye alikuwa akijibu, "Niache, mume wangu, mbavu hazina nafasi." Maneno hayo sasa yalimrudia kila alipomlisha uji, yakamchoma.

Tumaini lilitoka kulekule kwenye televisheni. Makala moja maalumu ilihusu watu wanaosahau, na daktari mmoja akaeleza kwamba kuna mgonjwa wake aliyemtambua mwanawe alipomsikia na kumwona kwa wakati mmoja, sauti na sura zikakutana. Mmoja tu, daktari akasisitiza. Mama Cheka hilo la "mmoja tu" hakulisikia. Mfa maji haachi kutapatapa. Akapanga: nitampeleka ukumbini, nimweke kiti cha pembeni yangu. Pale kicheko hakijawahi kunigomea. Atageuka, ataniona, ataniita mke wangu. Hata mara moja. Mara moja itanitosha mpaka kaburini.

Lakini kabla ya siku ya vichekesho ilikuwepo siku ya mahojiano. Kwenye kochi alikaa bondia mstaafu, jitu la watu lenye pua iliyovunjika, anaeleza alivyomzika binti yake. Ukumbi kimya. Viganja vya watu wote viko vifuani. Mama Cheka alikuwepo kwa mwili tu. Akilini anamvalisha mumewe shati la kwenda nalo ukumbini. Inzi akatua usoni mwa Mkono. Mkono akainua mkono wa kulia kumfukuza.

Akacheka. Mungu wangu, Mama Cheka alicheka! Cha kuvunja mbavu, kikapanda, kikakatika, kikavuta pumzi kwa mlio. Alipozinduka, bondia anamtazama, na midomo ya lile jitu inatetemeka kama ya mtoto aliyepigwa bila kosa.

Kicheko kilikatwa, kwenye televisheni hakikusikika. Yeye naye akakatwa. Bosi wa vipindi hakupandisha hata sauti. "Mama, wewe pumzika. Kicheko chako tunacho cha kutosha kwenye akiba." Akarudishiwa ufagio, na kiti cha mbele akapewa mwingine. Akawa anafagia chini ya spika zinazocheka kwa sauti yake.

Akamvizia Mkono mlangoni. "Baba, sikuombi kazi. Nipe siku moja, kiti changu na cha mume wangu."

Mkono hakuweza kumtazama. "Kosa lilikuwa la mkono wangu, mama. Njoo naye."

Siku hiyo wifi alimwogesha kaka yake, akamnyoa, akamvalisha shati la mikono mirefu alilolishona fundi mwenyewe enzi zake. "Unakwenda kumwona mkeo," akamwambia. Fundi akaomba kioo. Akajitazama, akalainisha nywele kwa kiganja. Njia nzima aliuliza kama shati limekaa sawa, na mkewe akamjibu kila mara kwamba limekaa sawa sawa.

Wakaketi mbele. Mchekeshaji akapanda, yule yule wa zamani, akamwona, akamkonyeza. Akaanza na lile la mkwe na meno ya bandia, kwa heshima yake. Mama Cheka akamgeukia mumewe uso kwa uso, akaushika mkono wake. Mkono ukainuka kando ya kamera. Ukumbi mzima ukacheka.

Yeye hakutoa kitu. Akafungua kinywa, akakifumba. Akajikaza, machozi yakatangulia. Mbele yake uso wa mumewe unamtazama kwa upole ule ule, upole wa mgeni. Alimwona bondia, aliona gauni la kiuno, aliona kila kitu isipokuwa cha kuchekesha.

Mkono akaona. Akafikiri anasaidia. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomaliza kazi. Akamfanyia fundi sauti ishara ya duara kwa kidole, ile ya kuomba akiba, na fundi sauti akabonyeza. Kicheko kikamwagika kutoka spika za juu, kizima, cha ujana wake.

Fundi cherehani akaruka kitini. "Huyo!" Akauchomoa mkono wake kwenye mkono wa mkewe. Uso umeelekea juu, kwenye spika. "Mmemsikia? Yumo humu humu! Bibie!"

"Ni mimi," akamwambia. "Nitazame. Ni mimi hapa."

"Dada, niachie, ataondoka." Akaanza kupanda jukwaani, akalishika pazia, akachungulia nyuma yake. Watu wakadhani ni sehemu ya kipindi, wakacheka zaidi. Mchekeshaji naye, mdomo ukamponza: "Mzee, kama mkeo yuko nyuma ya pazia langu, mimi simo!" Mbavu za watu zikavunjika. Fundi akafunua pazia la pili, na la tatu, akakuta ukuta na nyaya. Akasimama pale, shati limechomoka, akiita kwa sauti ya chini kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Wakamrudisha nyumbani. Wifi aliwaona tu mlangoni, akaenda kubandika maji ya chai.

Jioni fundi alikaa mbele ya televisheni iliyozimwa, vidole vyake vinakunja pindo la shati, vinafungua, vinakunja. Mkewe akaketi kwenye kigoda karibu naye. Hakujaribu kucheka tena, wala siku nyingine hakujaribu.

"Ukimpata," akamuuliza, "utamwambia nini?"

Fundi akafikiri. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye akili timamu.

"Nitamwambia kile kicheko kilikuwa cha nyumbani. Nasikia kila mtu anacho sasa. Sijui nani amekwenda kukigawa." Akamgeukia, akamgusa bega kwa adabu. "Wewe ukimwona kabla yangu, mwambie basi. Mwambie arudi nacho, hata kama kimebaki kidogo."

"Nitamwambia," akasema dada.